Shata kwanza, kiyoyozi baadaye

Dada mmoja wa Malindi ametuandikia: ametia kiyoyozi cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) chumbani, tokeni za umeme hazikai, na ikifika saa kumi jioni chumba bado ni tanuri. Je, anunue cha 12,000? Picha aliyotuma ilijibu kabla yetu. Dirisha la kioo la mita 1.2 kwa 1.2 limetazama magharibi, na nyuma yake pazia zito jekundu.

Dada yetu, pazia hilo halikusaidii. Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia nyumbani. Pazia hupata moto, na moto huo hubaki humo humo kwa sababu kioo hakiuruhusu kutoka kirahisi kama kilivyoruhusu jua kuingia. Jua la alasiri la wati 600 kwa kila mita mraba, ambalo si kubwa kwa siku isiyo na mawingu, hupitisha karibu wati 700 kwenye dirisha lako. Ni kama kuacha pasi imewaka kitandani alasiri nzima. Kiyoyozi chako huondoa joto la wati 2,600 hivi, basi zaidi ya robo ya kazi yake ni kupigana na dirisha moja. Kivuli kikae nje ya kioo, hakuna njia ya mkato.

Shata za mbao, yaani vifuniko vya nje vya dirisha, zile za vibao vilivyolazwa mshazari, hufanya kazi hiyo na bado hupitisha upepo. Anza na madirisha ya magharibi, maana jua lao hukuta nyumba imeshapata moto tangu asubuhi. Ya mashariki yafuate. Ya kaskazini na kusini yaache: Lamu na Malindi ziko nyuzi 2 hadi 3 tu kusini mwa ikweta, adhuhuri jua liko karibu na utosi, na upenu wa sentimita 60 unatosha. Ndani ya mitaa ya Lamu ghorofa ya chini haihitaji kitu, ukuta wa jirani unakupa kivuli bure.

Sasa vipimo, kwa dirisha hilo hilo. Shata iwe vipande viwili. Mbao za kusimama upana milimita 70 na unene 40. Za kulala ni tatu: ya juu na ya kati milimita 70, ya chini 100. Vibao upana 45, unene 8, vilale nyuzi 45, na kutoka kibao hadi kibao iwe milimita 30 ili kila kimoja kifunike kidogo cha chini yake. Mafundi wengi hutanua nafasi hadi 40 ili kuokoa mbao, na hapo jua linalokaribia kuzama huanza kupenya moja kwa moja. Hesabu inakuja vibao 31 kwa kila kipande, 62 kwa jumla, kila kimoja milimita 474 pamoja na milimita 10 za kuingia mfuoni kila upande. Nunua mita 33, kwa kuwa vingine vitapasuka.

Mvule au mbambakofi ni mbao nzuri. Mwarobaini pia hufaa na mchwa hauupendi, ila hupinda ukipasuliwa ukiwa mbichi. Ubichi una kipimo chake: pima uzito wa kipande kimoja, kiweke kivulini chenye upepo wiki mbili, upime tena. Kikiwa kimepungua, mbao bado zinakauka. Mwambie seremala angoje, hata akinuna.

Vibao vipakwe rangi kabla ya kuunganishwa, hasa kwenye ncha, maana ndiko maji yanakoingilia. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Tunajua mnapenda ile vanishi ya kahawia inayong'aa, lakini rangi nyeusi hunywa jua, na mbao ikipata moto hupeleka joto kwenye kioo. Mafuta ya sifa, yale ya papa, yaachieni majahazi, harufu yake haitoki nyumbani.

Kufunga ndiko kunakoharibika zaidi. Ukuta wa matumbawe ni laini, ukiutoboa na kutia plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, kipande cha kilo 10 kitaning'inia mwezi mmoja kisha kitaondoka na chokaa. Chimba, pachika fremu ya mbao kwa makucha ya chuma, zibia kwa chokaa na simiti kidogo, iache wiki nzima kabla ya kutundika chochote. Bawaba ziwe za shaba, tatu kwa kila kipande, na skrubu za shaba pia. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye bawaba ya shaba ndiyo huliwa kwanza na hewa ya chumvi. Acha milimita 3 kila upande na 5 katikati, kwa sababu masika mbao huvimba. Mbao ya chini ichongwe mteremko, maji yasitulie.

Kati ya shata na kioo acha angalau sentimita 5, wazi juu na chini, hewa ya moto ipande itoke. Na kabla ya yote, angalia dirisha linafunguka upande gani. La chuma linalofungukia nje litagongana na shata. Ama libadilishwe lifungukie ndani, ama uweke la kuteleza. Grili ikiwa ndani, hakikisha mkono unapita kufika kwenye komeo. Tia pia kulabu za kushikilia shata ikiwa wazi, maana upepo wa kusi wa mwezi wa saba hupiga mbao ukutani usiku kucha.

Matumizi ni mepesi: mashariki funga tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, magharibi tangu saa saba hadi jua lizame, usiku fungua zote. Kiyoyozi kikiwaka, kioo nacho kifungwe, kwa sababu shata peke yake huvuja hewa.

Kabla hujamlipa seremala hata shilingi, tundika jamvi nje ya dirisha hilo, sentimita 10 kutoka kwenye kioo, siku tatu. Soma yuniti kwenye mita kila jioni jua likizama, ulinganishe na siku tatu zilizotangulia. Kisha utuandikie tena kuhusu hicho cha 12,000.