Uvimbe wa shingoni: je, kipimo cha jeni kinatosha bila kukatwa kinyama (biopsi)?

Dada, pole sana kwa kuuguza mzee. Umeuliza kama kipo kipimo cha damu cha jeni kitakachosema uvimbe wa shingoni ni saratani au la, ili mzee asikatwe kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara. Kwa saratani nyingi za kichwa na shingo, cha kutegemewa peke yake bado hakipo. Uvimbe ukishapita wiki tatu bila kupungua, tafadhali asicheleweshe kinyama kwa kusubiri majibu ya damu.

Nakujibu kama mgonjwa. Uvimbe wangu ulikuwa chini ya taya, mgumu, hauumi, na koo sikuwa na shida nalo. Walinyonya seli kwa sindano, wakakuta ni saratani, ila imetoka wapi hakuna aliyejua. Hapo ndipo alama za uvimbe, yaani vitu ndani ya seli vinavyodokeza aina ya saratani, zilipofanya kazi. Maabara walitafuta protini ya p16 kwenye zile seli, na daktari wa patholojia akanionyesha picha kwenye kompyuta: karibu seli zote zimekolea rangi ya kahawia, kiini hadi kingo. Kwa kawaida majibu huitwa chanya angalau asilimia 70 ya seli zikikolea hivyo. Basi wakaenda moja kwa moja kwenye mafindofindo na shina la ulimi. Saratani ilikuwa imejificha ndani ya findo la kulia, ndogo mno kuonekana kwa macho.

p16 yenyewe si kirusi, ni ishara tu ya kirusi. Kirusi cha HPV (papiloma), hasa aina ya 16, huharibu protini ya RB ambayo ni breki ya seli, na seli hurundika p16 kwa sababu hiyo. Kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10, p16 na kipimo cha HPV chenyewe hupishana, kwa hiyo mimi niliomba vyote viwili. Jambo hili lina uzito: saratani ya mafindofindo au shina la ulimi yenye HPV huitikia tiba vizuri zaidi, na tangu 2018 ina mpangilio wake wa kupanga hatua za ugonjwa. Kwenye kinywa au zoloto (kisanduku cha sauti), p16 haina maana hiyo.

Kama mzee alivuta sigara miaka mingi, huenda uvimbe ukawa na mabadiliko kwenye jeni za TP53 au CDKN2A. Hayo kwa kawaida hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, wanawe hamuyarithi. Sioni sababu ya kulipia vipimo vya jeni lukuki sasa hivi. Vina faida zaidi ugonjwa ukirudi au ukisambaa.

Damu ina nafasi kubwa kwenye saratani ya nyuma ya pua, inayohusiana na kirusi cha EBV (Epstein-Barr). Hong Kong walipima DNA ya kirusi hicho kwa wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili, wakagundua wagonjwa 34, wengi hatua za mwanzo. Matokeo yakachapishwa 2017. Hata hao walithibitishwa kwa kamera na kinyama.

Mwambie daktari achukue sampuli ya kutosha, na uulize maabara watatunza wapi kile kipande cha nta chenye nyama. Kikiwepo, p16, HPV na hata jeni vinaweza kupimwa baadaye bila mzee kukatwa tena.