Mama anasema hajambo, fomu itajazwaje?

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Leicester na mamangu, ana miaka 77, tumetoka Mombasa zamani sana na pasipoti zetu ni za hapa Uingereza. Tangu mwaka jana magoti yamemkataa kabisa na sukari imemshika macho, mimi nafanya kazi za shifti nikirudi namkuta kakaa palepale nilipomuacha asubuhi. Rafiki yangu ameniambia tuombe Attendance Allowance, zile pesa za serikali kwa wazee wanaohitaji kusaidiwa, lakini mama hataki, asema hizo pesa za vilema na yeye mzima alhamdulillahi, tena tuna nyumba hawatatupa kitu. Kila nikimuuliza swali la kwenye fomu jibu ni naweza, naweza. Nifanyeje? (Binti wa Leicester)

JIBU: Pole mdogo wangu, na mpe mama shikamoo yangu.

La nyumba litoeni kichwani kwanza. Benefiti hii haiulizi nyumba ya nani, wala benki kuna ngapi, wala mshahara wako wewe. Wanachotaka watu wa serikali ni mtu awe amefika umri wa pensheni ya serikali na kwa miezi 6 awe anahitaji msaada wa mwili wake au mtu wa kumwangalia asije akaumia. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kama shida ni ya mchana tu au usiku tu, na 110.40 kama ni mchana na usiku, na haikatwi kodi. Halafu kuna jambo watu wengi hawalijui, hawaangalii nani anamsaidia, wanaangalia anahitaji nini, kwa hiyo hata akijikokota mwenyewe kwa kushika kuta mpaka msalani na hakuna mtu nyumbani, hiyo inahesabika.

Sasa tuje kwa hiyo "naweza". Wazee wetu ndivyo walivyo, mtu ana homa ya kutetemeka kitanda kizima ukimuuliza hali atakwambia sijambo, na kumwambia mtu wa ofisi usiyemjua kwamba chooni nashikwa mkono ni aibu kweli, usimcheke. Ila wewe usimuulize kama anaweza kuoga. Muulize jana ulipooga ulishika wapi, ulitumia muda gani, mgongo uliufikia, mara ya mwisho kuteleza ilikuwa lini. Atakusimulia mwenyewe bila kujijua. Chukua daftari wiki nzima uandike unayoyaona, vifungo vya gauni, dawa anazozisahau au anashindwa kusoma maandishi yake, sindano ya sukari kama anadungwa, chakula kinachomwagika kwa ajili ya macho. Na kutawadha usikuache! Mtu anayeosha miguu mara tano kwa siku na hawezi kuinama ana shida mara tano kwa siku, liandike hivyo hivyo.

Usiku wana kipimo chao, aidha anahitaji msaada mara mbili au zaidi, au mara moja lakini unachukua kama dakika 20 hivi. Kwa hiyo andika saa anazoamka. Kupika, kufagia na kwenda sokoni usivipigie kelele sana maana hesabu yao ni ya mwili, na kutojua Kiingereza peke yake hakuhesabiki. Andika siku zake mbaya zikoje na zinakuja mara ngapi, sio siku ile ya Idi alipokuwa amependeza na wageni wamejaa.

Fomu usiipakue, wapigie simu watu wa Attendance Allowance waitume kwa posta, kwa sababu ukiirudisha ndani ya wiki 6 malipo yanahesabiwa tangu siku ile uliyopiga. Kuandika unaweza kumwandikia, sahihi aweke yeye. Mashirika ya hisani ya Age UK na Citizens Advice wanasaidia kujaza bure, na mimi ningeenda kwao hata kama Kiingereza chako ni cha BBC, maana wakati huohuo watakupigia hesabu ya Pension Credit, nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo, ambayo watu wengi wanaikosa hivihivi. Mkikataliwa mna mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba waangalie upya, na wapo wanaopata hapo au baadaye mbele ya baraza la rufaa (tribunal).

Na kuhusu pesa za vilema, mwambie zinaingia kwa jina lake azitumie atakavyo, hata teksi ya kwenda maulidini.

SWALI: Jambo dada, siye tuko Glasgow, baba ni mkimbizi kutoka Kongo, amepata makaratasi mwaka huu. Na yeye anaweza? Na je, bibi yangu aliye London kwa visa ya familia?

JIBU: Baba ndiyo. Huko Scotland jina ni Pension Age Disability Payment na mnaomba kwa Social Security Scotland, ofisi ya benefiti za huko, viwango ni vilevile, na aliyepewa hadhi ya ukimbizi habanwi na sharti la kuwa amekaa nchini muda fulani kabla ya kuomba. Bibi sasa, angalieni visa yake. Kama imeandikwa haruhusiwi fedha za umma (no recourse to public funds), Attendance Allowance imo kwenye orodha hiyo na kuiomba kunaweza kumharibia makaratasi, basi msiguse fomu mpaka mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa aisome hiyo visa.