Jibu: Mdogo wangu kapata Unical kule Calabria, aende au asubiri Milano?

Mkuu, nimesoma swali lako na nimepitia majibu ya wadau, naona wengi wanakuambia mdogo wako aachane na hiyo Università della Calabria (ndo Unical yenyewe) maana "ni kijijini, kusini mwa Italia hakuna kitu", eti asubiri mwakani aombe tena Milano au Bologna. Mimi masta yangu nimesomea hapo hapo, nimelala hosteli zao na kula kantini yao, kwa hiyo niseme ninachokijua. Kama barua aliyopata inataja chumba na chakula, aende. Kama ni kukubaliwa tu bila posho, hapo inabidi mkae kama familia mpige hesabu kwanza.

Wanaosema kijijini hawajakosea sana, chuo kiko Arcavacata, kwenye vilima vya Rende, pembeni ya Cosenza, na ukishuka basi usiku unaweza kujiuliza umefuata nini. Ila hicho chuo kina historia yake. Zamani kijana wa Calabria akitaka digrii alikuwa anaenda Napoli au Messina au Roma, na wengi wakienda ndo hawarudi, mkoa unabaki na wazee. Sheria ya kukianzisha ikapita 1968, masomo yakaanza 1972, na rekta (mkuu wa chuo) wa kwanza alikuwa Beniamino Andreatta, yule mchumi aliyekuja kuwa waziri wa hazina baadaye. Wazo lao lilikuwa mwanafunzi na mwalimu waishi hapo hapo chuoni, na mtoto wa mkulima asishindwe kusoma kwa sababu ya kodi ya chumba. Kwa Italia hiyo ilikuwa kitu kigeni kabisa, maana vyuo vyao vingi ni majengo yaliyotawanyika katikati ya mji, unasoma halafu chumba utajua mwenyewe.

Na hapo ndo penye tofauti ya hela, mkuu. Milano chumba tu kwenye nyumba ya kushea unaongelea euro 600 kwenda juu, na kupata kwenyewe ni vita, mwenye nyumba anataka mkataba wa kazi wa mzazi anayeishi Italia, wewe mzazi wako yuko Mbeya. Rende kipindi changu waliokosa hosteli walikuwa wanapanga kwa mia mbili, mia mbili na nusu. Wa hosteli ndo kabisa, ukiwa na ile borsa (posho ya masomo) chumba na mlo vinakuwa sehemu ya msaada wenyewe, hela unayopewa mkononi inakuwa ya nauli, simu na nguo za baridi (baridi ipo jamani, milima ya Sila iko jirani tu na theluji inaanguka, msidanganyike na picha za bahari).

Sasa kuhusu hiyo borsa watu wanachanganya. Msaada wa wanafunzi Italia unaendeshwa kimkoa, kila mkoa una fungu lake na tangazo lake, na unapimwa kwa kipato cha familia, na kwa mwaka wa kwanza maksi hazina uzito sana. Kuna mikoa unakuta jina lako kwenye orodha limeandikwa idoneo non beneficiario, yaani umestahili ila hela zimeisha, na hapo huna cha kufanya zaidi ya kusubiri. Unical pia wana tangazo lao la wanafunzi wa nje ya Ulaya, wanaliita UnicalAdmission, na hilo ndo nahisi mdogo wako kapitia. Mwambie asome tena barua yake taratibu, aangalie wameandika nini kuhusu alloggio (malazi) na mensa (kantini), asikisie.

Nyaraka za kipato aanze nazo leo, sio akishapata viza. Wanataka kitu kinaitwa ISEE parificato, yaani cheti cha hali ya kipato cha familia kwa wanaotoka nje, kinatengenezwa huko Italia kwenye ofisi za CAF (zinazosaidia watu mambo ya kodi na nyaraka) ila karatasi zinatoka nyumbani: familia ina watu wangapi, nani anaingiza nini kwa mwaka, salio la benki, na nyumba mnayokaa ina mita za mraba ngapi. Hiyo ya mita za mraba ndo inawaliza wabongo, nani anajua nyumba ya mzee ina mita ngapi? Tafuteni fundi apime, mtendaji aweke mhuri, halafu tafsiri na uthibitisho upitie ubalozi wa Italia Dar. Na kama mzee ana shamba au banda la kupangisha liandikwe, msifiche, karatasi zikipishana dirisha la maombi likishafungwa mtajuta. ISEE ikiwa chini ada ya chuo inafutika, unabaki na kodi ya mkoa na stempu ya euro 16.

Akishafika ana siku 8 za kazi kupeleka maombi ya permesso (kibali cha kuishi) posta, wakati wangu ilikuwa kama euro 116 ukijumlisha vyote, na kadi yenyewe inaweza kuchukua miezi, hiyo ni Italia nzima, risiti ya posta aitunze kama roho yake. Bima ya afya pia, video nyingi za zamani zinasema euro 149 kwa mwaka, hiyo imekufa, tangu 2024 mwanafunzi akijiunga na mfumo wa serikali ni 700, ndo maana wengi siku hizi wanachukua bima binafsi.

Masomo. Hapa wanaodharau ndo wananishangaza. Upande wa kompyuta pale sio wa mchezo, kuna kundi la akili mnemba ambalo kwa kushirikiana na wenzao wa Vienna walitengeneza mfumo wa DLV, programu ya kutatua matatizo kwa mantiki, unaojulikana dunia nzima kwenye fani hiyo, na mmoja wao, Nicola Leone, alikuja kuwa rekta 2019. NTT Data, kampuni ya teknolojia ya Japani, wana kituo huko huko karibu na wanachukua vijana wa chuo. Kwa hiyo kama dogo anasoma mambo ya data au kompyuta amefika penyewe. Kama ni sanaa au biashara, kusema kweli soko la kazi la mkoa ule ni dogo, hata Waitaliano wenyewe wakimaliza wanapanda treni kwenda kaskazini, afikirie hilo mapema.

Mtihani mwingi ni wa mdomo. Unakaa mbele ya profesa, wenzako wako nyuma wanasikiliza, anauliza maswali matatu manne halafu anakutajia maksi hapo hapo, pasi ni 18 na juu kabisa ni 30 e lode (30 na sifa juu), na ukiona ni ndogo unaruhusiwa kuikataa urudi kwenye awamu nyingine. Mtanzania aliyezoea UE (mtihani wa chuo) ya kuandika inampa tabu mwanzoni. Lakini asikatae katae tu kwa kutaka sifa, borsa ina masharti ya krediti, ukichelewa kuzikusanya hela inasimama na wanaweza kudai hata ulizokula.

Kiitaliano ajifunze hata kama kozi ni ya Kiingereza. Darasani atasurvive, ila kantini, posta, hospitali na yule bibi wa dirisha la hosteli ni Kiitaliano mwanzo mwisho, na wazee wa Cosenza wanachanganya na lahaja yao. Watu wenyewe ni wakarimu ukiwasalimia, nusu yao wana mjomba aliyehamia Ujerumani au Argentina au Canada, ugeni wanaujua. Sisemi ubaguzi haupo, Waafrika wengi wanaoonekana Calabria ni wa mashamba ya machungwa kule Rosarno, kwa hiyo kuna watu watadhani na wewe ni huko huko, na kwenye simu chumba kipo, ukifika "kimeshachukuliwa". Hosteli inakuepusha na hilo.

Kilichonichosha mimi ni usafiri, jioni mabasi yanakata mapema, na Agosti ambayo chuo chote kinahama, kantini inafungwa, unabaki wewe na paka. Aweke akiba ya mwezi huo au atafute kazi za ufukweni, permesso ya masomo inaruhusu masaa 20 kwa wiki.

Tiketi akate hadi Lamezia Terme, kuna mabasi ya kwenda Cosenza. Akipitia Roma kwa treni ashuke Paola abadilishe. Asifike Jumapili, ofisi ya hosteli haitakuwa na mtu wa kumpa funguo. Na akishapata chumba aniandikie inbox anitajie namba ya cubo (jengo) anayosomea, kule majengo yamepangwa kwenye daraja refu lililochorwa na msanifu Gregotti lenye urefu wa zaidi ya kilomita, kila moja namba na herufi, nitamwambia apande basi gani na ashuke wapi.