Mtoto analia kila magharibi, na mimi nimeishiwa nguvu

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Tandika na mume wangu, tumepanga chumba na sebule. Mtoto wetu wa kwanza ana wiki tano. Mchana analala hata redio ikipiga kelele, lakini ikifika magharibi anaanza kulia, anakunja miguu, anakunja ngumi, hashiki ziwa wala hataki kulazwa, mpaka saa nne usiku. Baada ya hapo anaamka kila baada ya muda, hana ratiba. Mama yangu alikuja kunitunza akakaa wiki mbili, akarudi Korogwe. Mama mkwe anasema ni chango na ameleta dawa ya mizizi nimchemshie. Jirani wa ukuta wa pili anasema maziwa yangu hayatoshi, nianze ya kopo. Mume wangu anahamia kwenye kochi sebuleni ili aamkie kazini. Juzi usiku nilimbwaga mtoto kitandani kwa hasira, nikaiogopa mikono yangu. Sijamwambia mtu. Je, mimi ni mama wa namna gani?
Mama Mchovu, Tandika

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na la mwisho maana ndilo lililokunyima amani. Wewe ni mama aliyelemewa, na umefanya jambo la maana kulisema. Siku hasira ikipanda tena, mlaze mtoto chali mahali ambapo hawezi kuanguka, toka nje barazani, nawa uso, vuta pumzi. Akilia dakika tano au kumi peke yake hatadhurika. Kinachodhuru ni kumtikisa au kumbwaga: shingo yake bado haijakaza, na mtikiso mmoja wa nguvu unaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Mwambie na mumeo hivyo hivyo, maana naye atafika hapo siku moja.

Sasa kilio chenyewe. Watoto wengi wachanga, wazima kabisa, huanza kulia zaidi wakifika wiki mbili hivi. Kilio huzidi na kufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha kinapungua pole pole mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Na mara nyingi ni jioni. Kwa hiyo nakwambia ukweli: wiki ijayo inaweza kuwa ngumu kuliko hii, halafu mambo yaanze kulegea. Usije ukadhani umeharibu kitu.

Usingizi nao ni hivyo hivyo. Mchanga hajui usiku wala mchana, mwili wake huanza kuutambua usiku kwenye miezi miwili au mitatu. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama yanasagika upesi, kwa hiyo kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24 ni kawaida yake. Ratiba ya umri huu haipo, mwanangu, usijitese kuitafuta. Unachoweza ni kumsaidia aijue siku: mchana fungua mapazia, ongea naye, na akilala zaidi ya saa tatu mfululizo mwamshe anyonye. Usiku mnyonyeshe kwenye mwanga hafifu, bila mazungumzo, na simu ikae mbali.

Kuhusu maziwa, jirani hawezi kuyapima kwa kusikiliza kilio kupitia ukutani. Hesabu nepi: zikilowa sita au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki, maziwa yanatosha. Jioni wachanga wengi hutaka ziwa kila baada ya nusu saa, na akinamama wengi huanza kopo hapo bila sababu. Akipewa kopo ananyonya kidogo, na akinyonya kidogo maziwa yanapungua kweli.

Dawa ya mizizi usimpe. Ndani ya miezi sita ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Mizizi iliyochemshwa haina kipimo, na ini na figo za mtoto wa wiki tano ni changa mno kuibeba. Lakini mama mkwe usimrudishe mikono mitupu. Yeye ameona mjukuu analia akaleta anachokijua. Mwambie, "Mama, kliniki wamekataza kumpa chochote mpaka miezi sita, ila jioni nazidiwa, naomba uje unibebee." Kisha mpe mtoto, nenda ukaoge. Bibi anayejua kubembeleza ana faida kuliko chupa yoyote ya dawa ya gesi.

Hapo ndipo ilipo shida yako kubwa, kwa maoni yangu. Arobaini ya pwani ilikuwa na watu: mmoja anakukanda, mwingine anakupikia uji wa pilipili manga, mwingine anambeba mtoto wewe ukilala. Mjini tumebaki na jina la arobaini, watu wamekwenda. Wewe mmoja unafanya kazi ya nyumba nzima, halafu unajiuliza una kasoro gani.

Kwa hiyo mumeo atoke kwenye kochi. Najua sheria ya kazi inampa baba siku tatu tu, wakati mama aliyeajiriwa ana 84, na najua asubuhi anapaswa kuamka. Simwombi akeshe. Akirudi aoge, ale, wewe umnyonyeshe mtoto, halafu kuanzia saa mbili mpaka saa tano usiku mtoto awe wake, nawe ulale chumbani mlango umefungwa. Amcheulishe begani, ambebe kifuani kwa khanga, shingo na kichwa vimeshikiliwa na pua iko wazi, atembee naye uani. Au amlaze kifudifudi juu ya mkono wake, tumbo kwenye kiganja. Mtoto akitaka ziwa atakuamsha, halafu utarudi kulala. Saa mbili za usingizi usiokatika zitakubadilisha.

Jambo jingine dogo: joto. Naona sana hapa Dar mtoto amevikwa kofia, soksi na blanketi chini ya bati linalochoma. Mguse shingoni nyuma. Ikiwa na jasho, mvue. Chandarua kibaki.

Lakini kuna kilio cha kukimbilia hospitali, na hapo usisubiri magharibi ipite. Joto la mwili likifika 38, akikataa kunyonya kabisa, akilegea, akipumua haraka au mbavu zikibonyea, akipata degedege, akitapika kijani, viganja na nyayo zikiwa njano, au kitovu kikiwa chekundu na kutoa usaha. Hospitali ya Temeke haiko mbali nawe, nenda hata usiku wa manane.

Na wewe mwenyewe nina wasiwasi nawe. Kama unalia karibu kila siku, kama hupati usingizi hata mtoto akilala, kama mawazo ya kujidhuru au kumdhuru yanakujia, hiyo inaweza kuwa sonona ya uzazi, ni ugonjwa na unatibika. Mawazo hayo yakija, usibaki peke yako na mtoto, ita mtu na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ijayo anatimiza wiki sita, ni siku ya chanjo. Nenda na mumeo au mama mkwe. Mwombe nesi akuangalizie uzito na aone mtoto anavyoshika ziwa, kisha umwambie kuhusu ile juzi usiku, kama ulivyoniandikia mimi. Ukishindwa kutamka, mpe barua hii asome.