Maswali ya Wasomaji: Mbwa, Kamba na Jirani wa Karavani

Msimu wa karavani, zile nyumba ndogo za kukokotwa na gari hadi kambi za likizo, umeanza Uingereza na barua zenu zimekuja kwa wingi, karibu zote zikiuliza jambo moja: kamba ya mbwa. Tumechagua tano.

Tunakwenda Wales na mbwa wetu, Labrador wa kilo 30. Masharti ya kambi yanasema afungwe kamba isiyozidi mita 2 muda wote. Tunayo ile inayojivuta yenyewe, ya mita 5, yenye kitufe cha kuikaza. Haitoshi? Na tukikaa nje, tumfunge wapi? — Msomaji, Reading

Haitoshi, na wasimamizi wengi wa kambi wataikataa kwa kuiona tu. Kile kitufe huchakaa. Unadhani umeikaza kwenye mita 2, paka anapita, mbwa anakurupuka, kitufe kinaachia. Mpaka uzi ufike mwisho, kilo 30 zimeshachanganya mwendo, na mshtuko huo ama unakata uzi ama unakunyang'anya kishikio. Kishikio kikianguka ndiyo balaa yenyewe: kinamfuata mbwa kikigongagonga changarawe, naye anadhani anafukuzwa, anazidisha mbio. Uzi wenyewe ni mwembamba, jioni hauonekani, na ukipita kwa kasi kwenye mguu wa mtoto unachoma kama moto.

Nunueni kamba ya kawaida ya utepe wa nailoni, upana wa milimita 20 hadi 25, urefu mita 2. Ifungeni kwenye mkanda wa kifuani, si kwenye kola, maana mbwa akiruka akafika mwisho wa kamba, kola humkaba koo.

Mkikaa nje, pimeni kwanza ndipo mfunge. Karavani hupangwa zikiachiana angalau mita 6, kwa hofu ya moto zaidi kuliko kwa ustaarabu, kwa hiyo eneo lenu si kubwa kama linavyoonekana. Kamba ya mita 2 iliyoshikwa mgongoni, ukiongeza shingo na pua, inamfikisha mbwa kama mita 2 na nusu kutoka kwenye kigingi. Hilo ni duara la mita 5 kutoka ukingo hadi ukingo. Ndani yake kusiwe na ngazi ya mlangoni, kamba za hema linaloungwa kwenye karavani, waya wa umeme wa rangi ya chungwa, wala jiko la mkaa. Jiko si kwa ajili ya makaa peke yake: mbwa akiokota gunzi la mahindi ya kuchoma akalimeza, haliyeyuki tumboni, hukwama kwenye utumbo, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Vijiti vya mishikaki navyo hutoboa.

Kwenye nyasi, tumieni kigingi cha skrubu cha sentimita 40 au zaidi, kizungushwe mpaka kichwa kiguse ardhi. Kikibaki kimechomoza, mbwa anapovuta hukiyumbisha na kukilegeza. Kichwani kiwe na pete inayozunguka. Bila hiyo, kamba hujisokota na kupungua kila mbwa anapozunguka, hadi anabanwa shingo chini. Baada ya mvua kubwa kivuteni wenyewe kwa nguvu kabla ya kukiamini. Kwenye changarawe kigingi hakiingii, basi fungeni kwenye ile pembetatu ya chuma mbele ya karavani, kwenye chuma chenyewe. Msifunge kwenye mkono wa breki, wala kwenye waya mwembamba wa breki ya dharura, wala kwenye mguu wa kona. Nguzo ya hema ndiyo mbaya kuliko zote: mbwa mmoja, paka mmoja, na turubai zima liko chini.

Na awe mtu karibu naye kila wakati. Kufungwa nje peke yake, kambi nyingi zimekataza kabisa.

Tukienda kuoga au dukani, tunaweza kumwacha ndani ya karavani, madirisha wazi kidogo? — Msomaji, Milton Keynes

Kuoga, nendeni kwa zamu. Dukani, hapana, siku yenye jua. Nje kukiwa nyuzi 22 tu, hali ambayo Dar es Salaam watu wangetoa masweta, ndani ya gari au karavani iliyofungwa joto linaweza kufika nyuzi 47 ndani ya saa moja. Dirisha lililofunguliwa vidole viwili halisaidii, kwa sababu hewa haipiti; panatakiwa mwanya upande mmoja na mwingine upande wa pili. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hewa anayohema ikiwa ya moto hapoi. Halafu kuna kubweka. Majirani watalalamika kabla hamjafika kwenye maziwa.

Asalaam aleikum. Mbwa wa jirani kambini aliingia kwenye hema letu la mbele, akalamba sufuria na kukanyaga mswala. Nilimwambia mwenyewe, akacheka, akasema mbwa wake hana madhara. Nifanye nini bila kugombana? — Dada wa Leicester

Waaleikum salaam, dada. Usibishane naye kuhusu tabia ya mbwa, maana hapo hutashinda. Kila mwenye mbwa anaamini wake ni malaika. Nenda kwa msimamizi siku hiyo hiyo na useme mambo matatu: namba ya nafasi yake, saa, na kwamba mbwa hakuwa na kamba. Sharti ni kamba, upole hauhusiki. Mbwa akirudi, watoto wasikimbie wala wasipige kelele. Wasimame mikono ikiwa imetulia, vyakula vifunikwe.

Kuhusu sufuria, kwa madhehebu ya Shafi, ambayo watu wa pwani wengi hufuata, unaiosha mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Chota udongo kwenye kitanda cha maua, changarawe haifai. Mswala, kama ulikuwa mkavu na nyayo zake kavu, hakuna kilichohama. Kama kulikuwa na umande, uhesabu kuwa umelowa, na umuulize sheikh wako namna ya kuusafisha.

Safari ijayo, panga kizuizi cha upepo cha turubai mbele ya hema, chenye kimo cha mita 1.2 hivi, vigingi karibu karibu chini ili pua isipenye. Vyombo viwe mezani.

Njia ya kutoka kambini inapita malisho ya kondoo na ng'ombe. Kamba tu inatosha? — Msomaji, Sheffield

Kwa kondoo, ndiyo, fupi na mkononi. Kwenye ardhi ya wazi ya umma Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2000 inataka kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na karibu na mifugo wakati wowote wa mwaka. Mkulima anaweza hata kumpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake na akawa na utetezi mahakamani. Uskoti faini yake inafika pauni 40,000.

Ng'ombe ni habari nyingine, hasa wenye ndama. Wakianza kukujia mbio, achia kamba. Wanamtaka mbwa, wewe umesimama njiani tu. Yeye atawazidi mbio, wewe hutawazidi.

Mbwa wangu ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Bado anahitaji kibati shingoni? — Msomaji, Luton

Anahitaji. Agizo la mwaka 1992 linataka kola yenye jina na anwani ya mwenye mbwa, imechorwa kwenye kola yenyewe au kwenye kibati, kila anapokuwa mahali pa umma. Chipu husomwa kwa mashine, na jirani wa karavani hana mashine. Ongeza namba ya simu mnayokuwa nayo safarini, na kwa kalamu isiyofutika andika kwenye kipande cha plasta namba ya nafasi yenu kambini, uibandike nyuma ya kibati. Mkihama, mnaibandua.