Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kuhusu malengo yake

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, na ni matumaini yangu kuwa wewe, mumeo na wajukuu zangu mu wazima.

Umeniandikia kwamba kila Januari unaorodhesha malengo yako katika daftari, na kila Disemba unayakuta palepale, kisha ukaniuliza: "Mama, nimepungukiwa na muda au nimepungukiwa na nia?" Nia unayo, mwanangu. Asiye na nia hawezi kuamka kabla ya watu, akatayarisha watoto wa skuli, akashinda ofisini na vitabu vya hesabu, akarudi kupika, na bado akakaa kuyasikitikia masomo aliyoyaacha. Ninachokiona ni kwamba umeandika unayoyataka bila ya kuandika utakayoyaacha ili hayo yapate nafasi, na siku yako ilikwisha jaa kabla hujashika kalamu.

Mwaka huu umeandika mambo matano: kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kumaliza nyumba ya Fuoni, kuhifadhi Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Kurani, kuanzisha biashara ya viungo, na kupunguza uzito. Yote ni mema. Lakini mitihani, biashara na Juzuu Amma vyote vinadai akili iliyotulia, na akili hiyo, kwa mtu mwenye watoto wawili wadogo na kazi ya kutwa, haipatikani zaidi ya saa moja kwa siku. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tano. Nyumba inadai pesa zaidi kuliko saa zako, kwa hiyo iache iende kwa kile unachoweka kila mwezi, wala usijilaumu kwa matofali. Uzito uuanze kwa kushuka gari kituo kimoja kabla ya kazini. Biashara ya viungo naomba uiweke kando mwaka huu, na umwambie waziwazi mwenzako mliyekubaliana naye kwamba hutaanza hadi mwakani, kwa sababu jambo lililoachwa bila ya kutamkwa huendelea kumsumbua mtu kila anapolala.

Juzuu Amma nitaifikia baadaye. Imebaki mitihani, na hapa ndipo ninapotaka utulie nami. Bodi hufanya mitihani Mei na Novemba, na wewe kila mara hujiandikisha Mei kwa kuwa ni karibu na Januari, moyo ukiwa bado una moto. Lakini mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na mwenyewe umenieleza jinsi mnavyobaki ofisini hadi usiku katika miezi ya mwisho. Zaidi ya hayo, Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa miaka hii inaangukia kabla ya Mei, na nani kati yetu asiyejua jioni za mwezi huo zinavyokwenda kwa mwanamke mwenye nyumba? Kwa hiyo chagua Novemba. Kuanzia Julai mpaka Novemba una miezi minne ambayo kazi yako imepoa kidogo, nayo inatosha kwa mtu anayesoma kila siku.

Unakumbuka nilipokuwa nikifundisha asubuhi na kulima mwani baada ya skuli. Bahari haikuniuliza nina nafasi lini. Tulishuka katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali hata kamba tulizofungia mwani zikafikika kwa miguu. Siku za maji mafu tulibaki nyumbani tukianika na kutayarisha mbegu. Mwani huchukua kiasi cha wiki sita kufikia kuvunwa, kwa hiyo aliyekosa kufunga mbegu katika bamvua hii alijua kwamba mavuno yake yamesogea. Mwaka wako wa ofisini nao una kupwa na kujaa kwake, na ni haki yako kupanga kwa kufuata maji yake.

Sasa saa yenyewe. Nakushauri uchukue ile ya baada ya sala ya Alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Sisi tunaishi karibu na ikweta, na Alfajiri yetu haisogei sana mwaka mzima, basi saa hiyo utaikuta Julai na utaikuta Novemba, ijapokuwa Novemba itatangulia kidogo. Usiku uuache, usiku ni wa mumeo, wa watoto na wa uchovu. Kabla ya kulala weka mezani kitabu kikiwa wazi kwenye swali utakaloanza nalo, pamoja na kalamu na kikokotoo, na simu uiache chumba kingine. Ukiinuka kwenye mswala, kaa mezani, jibu swali moja la mitihani iliyopita kwa mkono wako mpaka mwisho, ndipo ulinganishe na majibu. Kusoma sura kwa macho kunampa mtu hisia ya kujua. Kulijibu swali ndiko kunakomwonyesha asilolijua.

Mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba watu wanaopanga kwa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile" hutimiza makusudio yao zaidi kuliko wanaobaki na nia peke yake. Mimi nililifurahia hilo, kwa sababu ibada zetu zimetulea hivyo hivyo: adhana ikilia, mtu anainuka. Basi andika katika daftari lako: "Nikimaliza kuswali Alfajiri, nitajibu swali moja." Na andika pia siku mtoto akiwa na homa utafanya nini, maana siku hiyo itakuja, aya moja ya kitabu inatosha, mradi usikatike. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ni chache. Juzuu Amma nayo ipitishe kwa njia hiyo, aya chache ukiwa garini, bila ya kuiwekea tarehe.

Zungumza na mumeo kabla hujaanza. Usimwambie tu kwamba unasoma. Mwambie kwamba kuanzia Julai yeye ndiye atakayewapa watoto chai ya asubuhi na kuwavisha, na mkubaliane. Harusi nazo, nenda siku ya nikaha, uagane na watu, urudi. Wapo watakaonung'unika, na mimi nitawajibu kwa niaba yako.

Kwa upande wangu, nakuondolea karafuu. Msimu ukiingia kabla ya Novemba usije Pemba kuchuma wala kuchambua; ndugu zako wapo, na wachumaji wa kulipwa tutawapata. Mwisho wa Oktoba nitakuja mimi huko, nikae na wajukuu zangu mpaka umalize karatasi ya mwisho. Ratiba ikitoka tu, niletee tarehe, nikate tiketi ya boti mapema.

Mama yako akupendaye