Nataka barua pepe za ofisi zishuke usiku nikiwa nimelala

SWALI: Mimi ni mhasibu wa mradi, kituo changu cha kazi ni Kibondo na ofisi kuu iko Dar es Salaam. Mchana mtandao unakokota. Barua yenye kiambatisho inazunguka tu mpaka naifunga. Usiku wa manane unakuwa mwepesi, na bando la usiku ni la bei nafuu, ila siwezi kukesha. Natumia laptopu ya Windows na modemu ndogo ya Wi-Fi, barua nazisoma kwenye Chrome. Juzi niliiacha laptopu wazi usiku kucha, asubuhi sikukuta hata kiambatisho kimoja kwenye mashine. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu mhasibu, hata ungekesha ukiikodolea macho, visingeshuka. Ukisoma barua kwenye Chrome, kiambatisho kinabaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza barua zenu, mpaka ukibofye mwenyewe. Halafu nina hakika laptopu yenyewe ililala kabla yako.

Unahitaji programu ya barua pepe inayohifadhi nakala kamili kwenye diski. Mimi hutumia Thunderbird, ambayo ni ya bure. Kuna njia mbili za kuchukua barua kwenye seva, IMAP na POP. Unganisha akaunti kwa IMAP, siyo POP. IMAP inakupa nakala na kuacha barua kwenye seva, kwa hiyo simu yako itaendelea kuona kila kitu. POP ilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mashine moja. Kama barua za ofisi yenu ziko kwenye Microsoft 365, huduma ya Microsoft ya maofisini, muulize kwanza mtu wa IT kama IMAP imefunguliwa, maana ofisi nyingi huifunga kwa usalama. Ikiwa imefungwa, tumia Outlook ya kwenye kompyuta, nayo huhifadhi nakala.

Sasa ngoja kidogo kabla hujawasha chochote. Ukiiacha Thunderbird ifanye inavyotaka, itaanza kuvuta sanduku lako zima, pamoja na barua za miaka minne iliyopita. Piga hesabu: laini ya kilobiti 256 kwa sekunde ni kilobaiti 32 kwa sekunde, maana baiti moja ni biti nane. Kwa saa tano hiyo ni kama MB 570, tena ikiwa haikatiki hata mara moja. Mimi hupanga kwa nusu ya hapo. Sanduku la GB 6 litakula wiki tatu za usiku, na barua ya jana utaisubiri nyuma ya matangazo ya mwaka juzi. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya "Synchronization & Storage", chagua barua za siku 30 za karibuni tu, na kwenye orodha ya folda acha tiki kwenye Inbox peke yake. Folda nyingine utaziongeza baadaye ukiona usiku unabaki na nafasi.

Tukija kwenye usingizi wa laptopu, mafundi wengi watakuambia uiache ilale na uipangie saa ya kuamka. Windows inaweza, lakini ina tabia moja inayochosha: ikiamshwa na ratiba bila mtu kugusa kibodi, kwa kawaida inarudi kulala baada ya dakika mbili hivi. Nimepoteza usiku kadhaa kabla ya kuligundua hilo. Rahisi zaidi ni kuizuia isilale kabisa ikiwa kwenye umeme. Weka "Sleep" iwe "Never" kwa upande wa umeme, weka kufunga kifuniko kusifanye chochote, kioo kizimike chenyewe. Usitoke kwenye akaunti yako ya Windows. Funga kioo kwa Windows na L, programu zitaendelea na kazi.

Kinachobaki ni kufungua na kufunga mtandao kwa saa zake. Fungua Notepad, andika mistari hii mitatu ya amri, weka jina la Wi-Fi ya modemu yako badala ya MODEMU, kisha hifadhi kwa jina usiku.bat:

netsh wlan connect name="MODEMU"
timeout /t 60
start "" "C:\Program Files\Mozilla Thunderbird\thunderbird.exe"

Faili la pili, asubuhi.bat, lina mstari mmoja tu:

netsh wlan disconnect

Fungua Task Scheduler, programu ya kupangia kazi saa ambayo tayari imo ndani ya Windows, na kila faili ulitengenezee kazi ya kila siku. Jioni, kabla ya kulala, funga Thunderbird na ukate Wi-Fi kwenye laptopu kwa "Disconnect", bila kuizima Wi-Fi yenyewe.

Angalia sana saa. Bando likianza saa sita usiku, kwenye kompyuta hiyo ni 12:00 AM. Mimi mwenyewe, na kazi yangu ndiyo hii, niliwahi kuandika 6:10 AM nikiwaza saa sita na dakika kumi. Mashine ilinitii vizuri: ikaanza kushusha barua saa kumi na mbili na dakika kumi, bando likiwa limeshafungwa, ikala salio la kawaida hadi likaisha. Anza dakika kumi baada ya bando kufunguka na kata robo saa kabla halijafungwa, kwa sababu saa ya laptopu na saa ya kampuni ya simu hazilingani kila mara.

Kuna tiki nyingine ya kuondoa. Kwenye kichupo cha "Conditions", Task Scheduler huweka yenyewe sharti kwamba kazi ianze tu ikiwa laptopu iko kwenye umeme. Kwa usiku.bat liache. Kwa asubuhi.bat liondoe, la sivyo umeme ukikatika alfajiri hakuna wa kukata mtandao.

Bando nalo lina walaji wengine. Windows ikiona mtandao mzuri inajikumbushia masasisho yake, na OneDrive, hifadhi ya mafaili ya mtandaoni ya Microsoft, inaamka. Ingia kwenye sifa za Wi-Fi hiyo na uitambulishe kama "metered connection", yaani mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Windows itapunguza ulafi, na Thunderbird itaendelea kama kawaida. Simu iondoe kabisa kwenye Wi-Fi ya modemu usiku, maana ikiwa kwenye Wi-Fi hudhani iko nyumbani kwa tajiri. Na kagua modemu: nyingi huzima Wi-Fi yake zisipoona mtu kwa dakika kadhaa. Zima tabia hiyo kwenye ukurasa wake wa mipangilio.

Mchana soma barua kwa simu, ukiwa umezuia viambatisho kujishusha. Utaona kichwa cha barua na maneno machache, na hiyo yatosha kujua kama bosi anakutafuta.

Lakini nikuulize: hao wa Dar es Salaam wanakutumia nini? Nakisia ni hati za malipo zilizoskaniwa. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa rangi katika dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) una data ghafi, yaani kabla ya kubanwa, mara 48 ya ukurasa uleule ukiskaniwa kijivujivu katika dpi 150, na risiti inasomeka vizuri tu. Kisha barua pepe yenyewe huongeza uzito wa kiambatisho kwa zaidi ya theluthi moja kikiwa njiani, hivyo faili la MB 20 linapita kwako kama MB 27, kama robo saa kwa laini ya kilobiti 256. Na laini ikikatika katikati ya barua, hiyo barua huanza upya; zilizokwisha kushuka hazirudiwi. Ndiyo maana faili moja kubwa linaweza kukulia usiku mzima bila kufika. Mwombe mtu wa masijala abadilishe mipangilio ya skana. Ombi hilo litakusaidia kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Usijaribu kwa mara ya kwanza usiku. Mchana huu panga usiku.bat ianze baada ya dakika tano na asubuhi.bat baada ya ishirini, jitumie barua yenye picha moja, kisha ukae mbali na kibodi. Wi-Fi ikishakatika, fungua ile picha ndani ya Thunderbird. Ikifunguka, lala.